UZI: Waapache kabla ya farasi. Siku Wahispania walipowakuta nyikani na mbwa wao, 1541

Mzee wa Reli (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Ukitaja Apache hapa kwetu, kijana wa leo anafikiria helikopta ya kivita. Sisi wa umri wangu tunakumbuka vibanda vya video: wapanda farasi wanaporomoka kilimani wakipiga mayowe, jamaa mwenye kofia pana anawapukutisha mmoja mmoja, na sisi watoto kwenye mabenchi tunashangilia. Nimeishi na picha hiyo zaidi ya miaka thelathini bila kuihoji. Miezi hii ya karibuni nimekaa na maandishi ya Wahispania, watu wa kwanza kuandika habari za Waapache, na nimejikuta nina deni. Uzi huu ni wa kulipa kidogo.

Naomba jambo moja tu kabla hatujaanza. Ondoeni farasi kichwani. Mwaka 1541 hakukuwa na Mwapache hata mmoja aliyepanda farasi. Farasi wa asili wa Amerika walikuwa wametoweka maelfu ya miaka nyuma, na hawa wapya waliletwa na meli za Hispania. Ondoeni na bunduki pia. Bakizeni nyika, nyasi, upepo, nyati wa Amerika kwa maelfu, na mbwa. Mbwa wengi sana.

Wenyewe hujiita Ndee au Indé, kutegemea kundi, maana yake watu. Sisi ambao lugha zetu zinaitwa za Kibantu kwa sababu hiyo hiyo hatuhitaji maelezo zaidi. Hilo jina Apache walipewa na wengine, na maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba lilitoka kwa jirani zao Wazuni, wakimaanisha adui. Kwa hiyo dunia nzima imewajua kwa jina walilopewa na mtu waliyekuwa na ugomvi naye.

Lugha yao inaonyesha walikotoka. Ni ya familia ya Kiathabaska, na ndugu zake wengi wako Alaska na kaskazini-magharibi mwa Kanada, kwenye misitu ya baridi, huku Wanavajo wakiwa ndugu wa karibu zaidi huku kusini. Walishuka polepole, kizazi baada ya kizazi. Kando ya Ziwa Kuu la Chumvi, jimbo la Utah, kuna mapango yanayoitwa Promontory. Miaka ya 1930 mwanaakiolojia Julian Steward alichimba humo akakuta viatu vya ngozi kwa mamia, vilivyoshonwa kwa mtindo wa watu wa kaskazini. Vipimo vya baadaye vimevipa umri wa karne ya 13. Vingi ni vidogo, vya watoto. Watafiti wengi wanaamini hao walikuwa mababu wa Waapache au watu wa karibu nao, wakiwa safarini kuelekea kusini. Mimi nikifikiria safari hiyo ndefu sioni jeshi. Naona mama anamvalisha mtoto kiatu.

Sasa twende nyikani.

Mwaka 1540 Francisco Vázquez de Coronado aliondoka Compostela, magharibi mwa Meksiko, akitafuta miji ya dhahabu iliyosimuliwa kuwa kaskazini. Alikuwa na Wahispania wapatao mia tatu na ushei, wenyeji wa Meksiko zaidi ya elfu moja waliofuatana naye, watumwa, farasi, ng'ombe na kondoo. Miji ya dhahabu ikageuka kuwa vijiji vya udongo vya Wazuni. Akavivamia. Majira ya baridi akahamia Tiguex, kwenye mto Rio Grande, akawanyang'anya wenyeji chakula na nguo. Walipokataa, aliwapiga vita ya kikatili. Ikumbukeni hiyo, kwa sababu watu aliowakuta nyikani miezi michache baadaye walimpokea kwa namna nyingine kabisa.

Kijiji cha Pecos, lango la nyika, kilikuwa na mateka mmoja kutoka mashariki. Wahispania walimwita Mturuki, kwa sababu machoni pao alifanana na Waturuki. Akawaambia kuna nchi inaitwa Quivira, tajiri kupindukia. Wakamfuata.

Masika ya 1541 msafara ukapanda kwenye uwanda ambao leo unaitwa Llano Estacado, mpakani mwa New Mexico na Texas. Hapo ndipo Wahispania walipoanza kuogopa. Kwenye barua yake kwa mfalme, ya tarehe 20 Oktoba 1541, Coronado anasema hakukuwa na alama yoyote ya kuongoza njia, kana kwamba wamemezwa na bahari. Hakuna jiwe, hakuna kilima, hakuna mti. Pedro de Castañeda, askari aliyekuwa kwenye msafara huo na kuandika kumbukumbu zake miaka ipatayo ishirini baadaye, anauliza nani ataamini kwamba farasi 1,000, ng'ombe 500, kondoo zaidi ya 5,000 na wenyeji na watumishi zaidi ya 1,500 walipita juu ya nyasi zile na nyuma yao usione hata unyayo. Nyasi zilikuwa zinasimama tena. Ilibidi warundike mifupa na mavi ya nyati njiani ili walio nyuma wajue wenzao wameelekea wapi. Watu waliokwenda kuwinda walipotea. Jioni kambini walikuwa wakipiga bunduki, tarumbeta na ngoma na kuwasha mioto mikubwa, ili waliopotea wasikie sauti au waone mwanga.

Na katikati ya bahari hiyo ya nyasi, ambapo jeshi zima lilikuwa limepotea, wakakuta mahema. Watu wako nyumbani kwao, wametulia.

Wahispania waliwaita Waquerecho. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba hao ndio Waapache wa nyikani. Castañeda anaeleza walivyofanya walipoliona jeshi, na sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi: hawakufanya lolote la ajabu, walitoka tu kwenye mahema kutazama, kisha wakaja kuzungumza na waliotangulia na kuuliza, ninyi ni nani?

Fikirieni, wakuu. Mtu hajawahi kuona farasi. Hajawahi kuona chuma kimevaliwa mwilini. Wanyama elfu kadhaa wa ajabu wanatokeza kwenye upeo wa macho. Anatoka nje, anatazama, anasogea, anauliza wageni ni kina nani. Huo ni ustaarabu wa mtu anayejua yuko kwake.

Nitaendelea baadaye, umeme hapa unasuasua.

Binti Kilosa

Shukrani sana mkuu. Hapo kwenye viatu vya watoto nimesimama kidogo kabla ya kuendelea. Swali langu: walizungumzaje na Wahispania kama lugha hazifanani?

Kalamu Nyeusi

Nasubiri muendelezo. Ila mimi nilisoma kwamba Waapache walikuwa wavamizi wakubwa, wakipora vijiji vya wakulima. Usije ukatupakia sukari tu, mzee.

Mzee wa Reli

Binti Kilosa, kwa mikono. Nyikani kulikuwa na lugha ya ishara ambayo makabila yenye lugha tofauti kabisa yaliielewa. Castañeda anasema waliwasiliana vizuri kwa ishara hadi mkalimani hakuhitajika, na kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba ni watu wenye akili sana. Waquerecho waliwaeleza kuwa upande wa mawio ya jua kuna mto mkubwa wenye mitumbwi mingi, na kando yake mtu anaweza kutembea siku tisini bila kutoka kwenye makazi ya watu.

Kalamu Nyeusi, hoja yako ni ya haki, nitaifikia. Sitapaka sukari. Ila vita visije kabla ya zamu yake. Acha kwanza tuwaone kama walivyoonekana siku ya kwanza.

Barua ya Coronado inasema alitembea siku 17 ndipo akawafikia. Anasema hawalimi, wanafuatana na nyati, wanakula nyama mbichi na kunywa damu, wanavaa ngozi walizozidabagha wenyewe, na mahema yao ni ya ngozi iliyodabaghiwa na kupakwa mafuta, yametengenezwa vizuri sana. Kisha anaongeza kwamba kwa umbo hao ndio watu wazuri kuliko wote aliowahi kuwaona katika nchi hizo mpya. Aliyeandika ni mtu aliyekuwa amechoka, amekasirika na hajapata dhahabu.

Castañeda anakwenda ndani zaidi. Wanachuna nyati kwa kisu cha jiwe la gumegume lililofungwa kwenye kijiti, wakilinoa kwa meno yao wenyewe. Nyama wanaikata nyembamba kama jani, wanaianika juani, ikikauka wanaisaga kuwa unga. Konzi moja ya unga huo ukiitia kwenye chungu inavimba na kuwa mchuzi mzito. Utumbo mkubwa wanaumwaga yaliyomo, wanaujaza damu na kuuvaa shingoni, ili wakiwa na kiu wanywe. Anasema ni watu wapole, si wakatili, na ukiwa rafiki yao hawakugeuki.

Lakini kilichowashangaza Wahispania zaidi ni mbwa. Kila familia ilikuwa na kundi la mbwa, wamefungwa mikanda kifuani na tumboni, wengine wamebeba mzigo mgongoni, wengine wanaburuta nguzo za hema mbili mbili na mzigo umefungwa juu yake. Mzigo ukipinda, anasema Castañeda, mbwa analia kumwita mtu aje amrekebishie. Hakuna gurudumu, hakuna punda, hakuna ng'ombe wa kukokota. Mji mzima unahama juu ya mbwa.

Loibor

Mzee, mimi ni mfugaji. Damu kwetu ni chakula, mtoto anakua nayo, na aliyejifungua anapewa. Wageni walipoandika habari zetu nao waliiweka mstari wa kwanza, kama vile hatukuwa na jambo lingine. Kwa hiyo hapo nimewaelewa Waapache moja kwa moja. Nyika haina visima kila mahali, damu inabeba maji na chumvi pamoja. Ila swali langu ni la mbwa: walikuwa wanaumia? Maana mnyama wa mzigo akipata kidonda mgongoni huna safari.

Mzee wa Reli

Loibor, asante. Jibu lako liko kwenye taarifa ya miaka 57 baadaye.

Mwaka 1598 Juan de Oñate alikuja New Mexico kuanzisha koloni, safari hii wakiwa na familia na mifugo, wamekuja kukaa. Septemba mwaka huo ndipo neno Apache linaonekana kwenye karatasi zao kwa mara ya kwanza, walipokuwa wakigawana maeneo ya kuhubiri. Padri Francisco de Zamora akapewa vijiji vya Picurís na Taos pamoja na "Waapache wote" upande wa milima ya theluji. Yaani waligawiwa padri kabla hawajaulizwa.

Mwezi huo huo Oñate akamtuma mpwa wake Vicente de Zaldívar na watu wapatao 60 waende nyikani kutafuta mafuta na nyama ya nyati. Walipokutana na watu wa mahema wakawaita Vaqueros, wachunga ng'ombe, kwa sababu kwa Mhispania nyati alikuwa ng'ombe mwenye nundu. Taarifa ya safari hiyo inasema mbwa wao ni wa wastani, wenye manyoya mengi, wanakwenda mmoja nyuma ya mwingine wakinguruma, ncha za nguzo zinaburuzika chini, na karibu wote wana vidonda palipopita mikanda. Wanawake ndio waliowafunga mizigo, na ili mbwa atulie walikibana kichwa chake katikati ya miguu. Kwa hiyo ndiyo, waliumia, na safari iliendelea. Mtawa Alonso de Benavides, aliyeandika mwaka 1630, anataja misafara ya mbwa mia tano wakibeba bidhaa.

Bidhaa za nini? Hapa ndipo picha ya filamu inapofutika kabisa. Hawa walikuwa wafanyabiashara. Zaldívar alikutana nao wakirudi kutoka Picurís na Taos, ambako walikuwa wamekwenda kuuza nyama, ngozi, mafuta ya mnyama na chumvi, na kununua mahindi, nguo za pamba, vyombo vya udongo na vijiwe vya kijani. Mkulima wa Kipueblo, yaani mwenyeji wa vijiji vile vya udongo kama Picurís, Taos na Pecos, alikuwa na wanga na pamba, hana nyama. Mtu wa nyika alikuwa na nyama na ngozi, hana mahindi. Majira ya baridi baadhi ya watu wa nyikani walikuwa wanapiga kambi chini ya kuta za vijiji hivyo. Uhusiano wa namna hiyo haukosi ugomvi, lakini ni uhusiano.

Na mahema sasa. Zaldívar alikuta mahema 50 ya ngozi, mekundu na meupe, ya duara, yana milango na vifungo, na anasema yametengenezwa kwa ustadi kama ya Italia. Alishangaa kwamba ngozi hiyo hailoweshwi na mvua wala haikakamai ikikauka. Hakuamini. Akakata kipande, akakiloweka, akakianika juani, na kikabaki laini kama mwanzo. Akanunua hema moja akarudi nalo kambini. Lilikuwa kubwa sana lakini uzito wake haukuzidi arroba mbili, kama kilo 23. Nani alidabagha ngozi ile? Wanawake. Taarifa zimejaa majina ya makapteni, na hakuna jina hata moja la mwanamke aliyetengeneza kitu kilichomshangaza kapteni huyo hadi akakifanyia jaribio.

Halafu Zaldívar akataka kukamata nyati wafugwe. Walijenga zizi kubwa la magogo kwa siku tatu, wakawaswaga nyati kuelekea humo. Nyati wakageuka. Waliua farasi watatu na kuwajeruhi vibaya wengine arobaini. Wakajaribu kukamata ndama, na ndama wote wakafa kwa kupambana. Watu wa mahema walikuwa wanaishi na mnyama yule kila siku kwa upinde tu, wakijificha kwenye vibanda vya matawi penye maji ya kunywea. Elimu hiyo hakuna Mhispania aliyeihesabu kuwa elimu.

Kalamu Nyeusi

Mzee nimekubali kuhusu biashara. Lakini hujajibu: vita vilitoka wapi?

Mzee wa Reli

Nakuja, na hapa nitakaa kidogo.

Nirudi kwanza 1541. Baada ya Waquerecho, jeshi la Coronado lilikuta kundi jingine, Wateya. Kama nao walikuwa Waapache au watu wengine, wataalamu bado wanabishana. Hao walileta ngozi zao kwa wingi na kuziweka mbele ya wageni. Miaka michache kabla walikuwa wamepata habari za Cabeza de Vaca na wenzake, manusura wa meli, waliopita bila silaha wakiombea wagonjwa. Wakadhani hawa nao watabariki mali hiyo na kuiacha. Kapteni akaweka mlinzi kwenye rundo ili ligawanywe kwa utaratibu. Askari walipoona wenzao wanachagua nzuri, wakalivamia, na haikufika robo saa palibaki ardhi tupu. Wanawake wakalia. Castañeda mwenyewe ndiye anayesema hivyo, Mhispania, shahidi.

Walipokuwa wamepiga kambi kwenye korongo, mvua ya mawe iliwapiga, mawe makubwa kama mabakuli, yakatoboa mahema, yakabonyeza kofia za chuma, yakavunja vyombo vyote. Kisha Coronado akachukua wapanda farasi 30 akaenda Quivira, katikati ya Kansas ya leo. Akakuta nyumba za nyasi za Wawichita, wakulima wa mahindi. Dhahabu hakuna. Mturuki akanyongwa. Kabla ya kufa alikiri kwamba watu wa Pecos walimwomba awapeleke Wahispania nyikani wapotee, farasi wao wafe. Huyo mateka alifia kwenye vita ambavyo havikuwa vyake, na hata jina lake halisi halikuandikwa.

Sasa swali lako. Koloni la Oñate halikuwa na dhahabu, halikuwa na fedha. Mwaka 1631 migodi ya fedha ikaanza Parral, kusini, na migodi inahitaji watu. Magavana wa New Mexico walikaa madarakani miaka michache tu na walitaka kuondoka matajiri. Bidhaa iliyokuwa karibu ni mateka. Benavides anasimulia mkuu mmoja wa Vaqueros aliyekuja Santa Fe, mji mkuu wa koloni, akaiona sanamu ya Bikira Maria, akaguswa, akaahidi kuwa Mkristo. Gavana wa wakati huo akatuma watu kwenda kukamata watumwa, wakaenda kambini kwake yeye. Alipoona anauawa akainua rozari aliyokuwa ameivaa, akiomba kwa jina la yule aliyefundishwa kumwamini. Wakamuua. Mtawa anaandika kwa uchungu kwamba jambo hilo liliwasha uasi kwa watu wote wa eneo lile.

Gavana Luis de Rosas, miaka ya 1637 hadi 1641, aliendeleza biashara hiyo wazi wazi. Waapache wa nyikani waliokuwa wakija Pecos na mahema yao kuuza ngozi wakaanza kukamatwa. Jirani Wapueblo walilazimishwa kwenda kwenye misafara hiyo ya kukamata watu, kwa hiyo rafiki wa sokoni akageuzwa adui. Na mahindi ambayo zamani yalibadilishwa na nyama, sasa yalichukuliwa kama kodi ya wakoloni. Mtu wa nyika akija na ngozi zake hapati nafaka. Watoto wake wana njaa. Ndipo anakuja usiku.

Kwa hiyo ndiyo, Kalamu Nyeusi, walipora vijiji, na waliua. Wakulima wasio na hatia waliumia, sitaficha hilo. Ninachosema ni kwamba kati ya yule mtu aliyetoka hemani kuuliza "ninyi ni nani" na yule wa kwenye filamu kuna karne nzima ya kukamatwa na kuuzwa, na filamu haikutuonyesha hata dakika moja ya karne hiyo.

Nyota ya Jioni

Na farasi waliwapata lini basi?

Mzee wa Reli

Vitabu vingi vinasema 1680, Wapueblo walipoasi chini ya Po'pay wakawafukuza Wahispania hadi El Paso, farasi wengi wakabaki. Lakini utafiti uliochapishwa 2023, wa kupima mifupa ya farasi kutoka sehemu mbalimbali za magharibi mwa Amerika, umeonyesha wenyeji walikuwa na farasi mapema zaidi, nusu ya kwanza ya karne ya 17. Waliwafuga, waliwatibu, waliwapanda, mbali na macho ya Mhispania. Wenyeji wenyewe walikuwa wanasema hivyo siku zote.

Binti Kilosa

Kulikuwa na Waafrika katika habari hizi?

Mzee wa Reli

Ndiyo, tangu mwanzo. Esteban, mtu wa Azemmour, Moroko, alikuwa mtumwa na mmoja wa wale manusura wanne, Cabeza de Vaca akiwa miongoni mwao. Yeye ndiye aliyetangulia kufika kwa Wazuni mwaka 1539, na akauawa huko. Mwingine wa baadaye ni José Naranjo, mwenye asili ya Kiafrika na ya Kipueblo, kiongozi wa wapelelezi. Mwaka 1706 alikuwa kwenye msafara wa Juan de Ulibarrí uliokwenda El Cuartelejo.

El Cuartelejo inastahili uzi wake. Ni makazi ya Waapache magharibi mwa Kansas. Watu wa Taos walikimbilia huko karne ya 17 kuukimbia utawala wa Kihispania, na mwaka 1696 Wapicurís nao wakaenda. Wageni hao walijenga humo nyumba ya vyumba kwa mtindo wa Kipueblo, na msingi wake bado unaonekana katika Scott County. Ulibarrí alikwenda kuwarudisha Wapicurís, akakuta Waapache wanalima mahindi, maharage na maboga. Watu walewale ambao Coronado alisema hawalimi.

Kilimo hicho kikawaponza. Kuanzia miaka hiyo Wakomanche walikuwa wanashuka kutoka kaskazini, wana farasi, hawana mashamba. Mkomanche anaweza kuchagua siku. Mwapache wakati wa kupanda na kuvuna yuko kando ya mto, anajulikana alipo. Upande wa mashariki Wapawnee walikuwa wanapata bunduki kutoka kwa Wafaransa, huku Hispania ikikataza kuwauzia wenyeji silaha. Mwaka 1719 gavana Valverde alikutana na Mwapache wa Cuartelejo mwenye jeraha la risasi. Mwaka uliofuata akamtuma Pedro de Villasur na kikosi, na Agosti 1720 kikosi hicho kikapigwa alfajiri na Wapawnee na Waoto huko Nebraska. Villasur alikufa, Naranjo alikufa. Mapigano hayo yamechorwa kwenye ngozi kubwa inayotunzwa Santa Fe. Baada ya hapo haukupita muda mrefu Waapache wengi wakaondoka kwenye nyika za kaskazini.

Kalamu Nyeusi

Nimeelewa, mzee, na nimebadili mawazo. La mwisho: wako wapi leo?

Mzee wa Reli

Walitawanyika. Walipani, moja ya makundi ya Waapache, waliteremka Texas, na mwaka 1749 walifanya amani na Wahispania katika uwanja wa San Antonio: lilichimbwa shimo, wakafukia shoka, mkuki, mishale na farasi akiwa hai. Wamescalero wana ardhi yao kusini mwa New Mexico. Kundi lililoambatana na Wakiowa liko Oklahoma, na mzungumzaji wa mwisho aliyeimudu lugha yao alifariki 2008.

Wajicarilla wako kaskazini mwa New Mexico, makao yao makuu ni Dulce. Wana pande mbili, Olleros wa milimani na Llaneros, jina ambalo kwa Kihispania ni watu wa nyika. Kila Septemba wanakutana Stone Lake, wanapiga kambi, na vijana wa pande hizo mbili wanashindana mbio za kupokezana. Upande mmoja ukishinda, mwaka utakuwa na wanyama wengi. Ukishinda mwingine, mimea itastawi. Mwaka huu pia watakimbia.